Sungura Hafunikwi Tenga

Emiliana mwanangu, salamu tulishapeana asubuhi mlangoni, ulipokuwa unatoka kwenda kuwaaga wakwe zako, kwa hiyo hapa sianzi na salamu. Mwandiko huu ni wa Mama Rehema, unaujua. Mimi nimekaa kwenye kigoda nje ya banda la sungura, miguu imevimba kama kawaida yake, naongea tu. Nimemwambia aandike yote ninayosema, asinipunguzie. Amenijibu, "Mama Emi, ukiongea unavyoongeaga, karatasi za Karatu nzima zitaisha." Nimemwambia wewe andika, ukichoka sema.

Ningekuambia kwa mdomo. Lakini tangu Jumapili kila nikifungua mdomo unasema, "Mama, tumeshaongea." Hatujaongea. Uliongea wewe. Ulisema, "Safari hii sijifungulii kwako, na wewe usije, mama. Nitajifungulia huko huko Nainokanoka, nikishajifungua nitakuita." Ukachukua beseni ukaenda kuanika nguo. Mimi nikabaki nimeshika mwiko, ugali ukaungua chini. Uliula hivyo hivyo umeungua.

Tangu siku hiyo nimechoka, Emi. Siyo uchovu wa jembe. Wa jembe ukilala unapungua.

Basi barua hii nitaitia kwenye mkoba wako katikati ya kanga. Utaisoma huko, Mwalimu Amsi akiwa ameenda shuleni kwake na nyumba imenyamaza. Sitakuambia vaa sweta, sitakuambia chemsha maji, sitakuambia usikose kliniki. Mumeo anayajua hayo na wewe unayajua. Wanasema ukungu wa huko hautoki mpaka saa sita, ng'ombe wanasikika kengele tu, hawaonekani. Haya, ukungu na uwe ukungu.

Nataka kuongea habari za sungura.

Mama Rehema amecheka. Amesema mtoto anaondoka, wewe unaongea sungura. Sasa ningeongea nini? Bi Kijivu ana mimba, tumbo limeshuka, na sanduku lake la kuzalia liko hapa mbele yangu juani. Nimelisugua leo mchana na mkono huu wa kulia haukubali kukunja vidole. Ukitazama kitu muda mrefu ndicho unachokiongea.

Unakumbuka walivyokuja? Baba yako alikuwa hai bado. Kikundi cha akina mama kilitugawia kila nyumba dume na jike, tukaambiwa wanakula majani na wanazaa sana. Ila kuzaa kwenyewe kunataka nini, hakuna aliyetuambia. Jike la kwanza lilizaa juu ya waya, usiku wa baridi ile ya Buger ya mwezi wa saba. Wewe ndiye uliyewakuta, umeshavaa sare ya shule. Walikuwa wametawanyika kama vichangarawe, hawana nywele, wameshakuwa baridi. Ulilia. Nikakwambia nyamaza, ni sungura tu. Ukaenda shule na macho mekundu, na uliporudi ukamwambia baba yako, siyo mimi, "Walikuwa wanatafutana."

Ndiyo baba yako akatengeneza sanduku. Mungu amrehemu yule mtu, hakuwa na kipimo. Akitengeneza kiti, wanakaa wawili. Sanduku lilikuwa kubwa, jike likiingia unaanza kulitafuta. Nikamwambia, "Baba Emi, hili ni la sungura au la nguo za bibi harusi?" Akanuna. Lakini jike lilipozaa humo vitoto vilikwenda kila kimoja na kona yake, na kitoto cha sungura peke yake hakina joto, joto lao ni la kulundikana. Wakafa tena, siyo wote. Baba yako akachukua msumeno akalikata, akaacha nafasi ya jike kugeuka tu. Mbele akashusha ubao kidogo, mama aruke kuingia, watoto wasidondoke. Chini akatoboa matundu, mkojo usituame. Hilo ndilo sanduku nililo nalo hapa. Mbao za pembeni nimezibadilisha, ila ule wa mbele ni wake, una alama ya meno ya majike wote waliowahi kupita.

Halafu nikaja mimi na haraka yangu. Nikaona jike limeshika mimba, nikaliwekea sanduku siku hiyo hiyo, nyasi laini, nimepanga, nimebonyeza, hata mtoto wa mtu angelala. Yule jike akaligeuza choo. Kila siku anaingia anakojoa, anatoka. Siku zake zilipofika sanduku linanuka, akazaa pembeni. Kumbe ukimwekea mapema sana analiona la kawaida, ukichelewa anamwaga juu ya waya. Siku chache kabla, basi. Ukimwona anaanza kubeba majani mdomoni kama masharubu, ujue umechelewa kidogo, kimbia.

Na zile nyasi nilizokuwa nazipanga! Ninazipanga, anaingia anazitupa zote nje, anaanza kurudisha moja moja kwa namna yake. Nikawa nakasirika. Mnyama huyu ana kiburi. Siku hizi natandika maranda ya mbao chini, nyasi kavu kidogo juu, natia ngumi katikati pawe na shimo, zilizobaki naziacha bandani karibu yake. Ajenge mwenyewe. Halafu ananyonyoa manyoya ya tumbo lake mwenyewe anawafunikia. Hakuna mtu aliyemfundisha hilo.

Sasa nifike kwenye lile la tenga. Mama Rehema amesema nisiliandike. Nimemwambia unaandika wewe, siyo mimi, shauri yako.

Wewe unalijua, lakini hujui lilivyoanza. Jike lile jeupe lilizaa vizuri, sandukuni, manyoya tele. Mimi asubuhi nachungulia, mama hayumo. Mchana hayumo. Amekaa kona ya mbali, amewapa watoto mgongo, anatafuna majani kama hana habari. Jioni hayumo. Nikasema huyu amewakataa. Nikamwita huyu huyu anayeandika, maana Mama Rehema alikuja kutoka Singida kufanya kibarua kwenye kahawa, na Wasingida kwa kuku hawana mpinzani. Akaja, akatazama, akasema kwa kujiamini kabisa, "Huyu hajatulia tu, Mama Emi. Kuku akikataa kuatamia tunamfunika tenga. Usiku mmoja, anakubali."

Nikamwambia, "Lakini huyu siyo kuku."

"Mama ni mama," akasema.

Tukamshika, mimi masikio yeye miguu. Tukamtia sandukuni, tukafunika tenga la kuku juu, tukaweka na jiwe. Tukaenda kunywa chai tumefurahi. Tukamsikia anapiga miguu, du, du, du. Mama Rehema akasema anatulia huyo. Tulipofunua alikuwa amewakanyaga wote. Hakubaki hata mmoja. Yeye mwenyewe akatoka ametoa macho, hakula mpaka kesho yake.

Mama Rehema ameandika hapo pembeni kwamba alikuwa hajui. Si nimesema alikuwa hajui? Mimi pia nilikuwa sijui. Tulikuwa wajinga wawili na tenga moja.

Nilikuja kujua baadaye, na sikufundishwa na mtu, nilijua kwa kukosa usingizi. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwa sababu ya miguu hii, nakaa hapa nimejifunika shuka, siongei. Ndiyo, nilikuwa siongei, inawezekana. Nikamwona jike anaruka ndani, anasimama juu yao, wananyonya muda mfupi tu, hata chai haijachemka, anaruka nje, anarudi kona yake, anawapa mgongo. Basi mpaka kesho. Hawalalii. Sungura halalii watoto. Porini akikaa nao harufu yake inamwita nguchiro. Kwa hiyo anakaa mbali, anajifanya hana mtoto. Mimi nilimwona mama mbaya, kumbe alikuwa kwenye kazi yake.

Emi, Jumapili ile, kabla hujachukua beseni, mimi nilikuwa nimekujibu vibaya. Nilikuuliza, "Utajifunguaje bila mama yako?" Ukanitazama. Ukasema, "Ulinifunika tenga, mama."

Mama Rehema ameacha kuandika. Ameniuliza, "Alisema hivyo kweli?" Nimemwambia alisema. Sasa amevua miwani anaifuta kwenye kitenge. Haya, Mama Rehema, endelea, giza linakuja.

Nitasema yalivyokuwa, maana wewe ulikuwa kitandani, mimi nilikuwa mlangoni, hatukuona kitu kimoja.

Mimba ya kwanza mtu anakuja kujifungulia kwa mama yake. Ulikuja. Mtoto alitoka hakulia. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, nasali, lakini siku ile sikukumbuka ya kanisani, nilikumbuka ya mama yangu. Yeye alinifundisha kwamba nyumba ikipatwa na jambo kama lile inajitenga, metimani, wazee wetu waliita hivyo. Mwenye jambo anakaa ndani. Anakula kwenye chombo chake, kibuyu chake hakiguswi, kigoda chake hakikaliwi, njia ya kisimani hapiti. Isije ikawafuata majirani, mimba zao na ng'ombe wao. Na isije ikakurudia na wewe.

Basi nikakuweka. Chumba cha nyuma, dirisha nimeziba kwa gunia. Akina mama wa kanisani wakaja na nyimbo zao, nikawasimamisha kwenye uzio, nikawaambia amelala. Uliwasikia. Walipoanza kuimba nikawaambia wasiimbe. Amsi alikuja na sukari, akasimama kwenye ule uzio wa mikonge, mwanamume mzima, ananiuliza, "Mama, nimwone hata kidogo?" Nikamwambia bado. Akakaa chini pale pale mpaka jioni. Akaja tena kesho yake, nikamwambia bado.

Mama Rehema anasema na hili lake liandikwe. Anasema, "Mimi nilikuja na uji wa ulezi. Ukaniambia niuweke juu ya jiwe."

Kweli. Nilimwambia auweke juu ya jiwe.

"Ukasubiri niondoke ndiyo ukauchukua."

Kweli.

"Ulishapoa."

Kweli, ulishapoa. Basi inatosha, Mama Rehema.

Na mimi niliyekuwa nakuletea chakula nilikuwa nakiweka mlangoni nakisukuma kwa ndani. Wewe uliniita. Siyo mama. Uliniita ayoo, kama ulivyokuwa mdogo, kwa Kiiraqw chetu. Uliniita ukasema, "Ingia ukae." Nikajibu, "Kula kwanza." Sikuingia. Nilikaa upande wangu wa mlango na wewe upande wako, nilikuwa nasikia unavyokula na unavyoacha kula. Nilikuwa karibu, Emi. Lakini wewe ungejuaje.

Sitakuomba msamaha kwa namna ya kulia-lia, maana hilo litakuchosha na mimi litanichosha. Nilifanya nilivyofanyiwa. Kabla yako nilipata wawili ambao hawakulia, hujawahi kuambiwa hilo, sasa umeambiwa. Mara zote mbili mama yangu aliniweka hivyo hivyo, na kibuyu changu, na gunia kwenye dirisha. Nilidhani ndiyo kupendwa kulivyo. Mtu aliyekuzuilia watu wote, ungefikiri nini? Sikujua kwamba yule anayekaa ndani anaweza kufa kwa ukimya huku nje tunapongezana kwamba tumemlinda.

Ukasema tenga. Nikakaa na neno hilo Jumapili, Jumatatu, mpaka leo. Nalima nalo, nasali nalo. Nikasema huyu mtoto ana mdomo mkali, kautoa wapi? Mama Rehema anasema tusitafute mbali.

Sasa sikiliza, maana jua linakwenda na huyu anataka akapike.

Sanduku baada ya watoto kukua siku hizi silirudishi hivi hivi kwa jike mwingine. Nilikuwa narudisha. Nasema kuni za kuchemshia maji zinatoka wapi, nyasi si bado nzuri. Likawaingizia ugonjwa, vitoto vikafumba macho yenye usaha. Sasa namwaga kila kitu shimoni. Nasugua kwa majani ya msasa na maji ya moto, napaka majivu, naanika juani mpaka mbao zinalia, halafu napitisha moto wa majani makavu kwenye pembe. Hata nyasi moja ya zamani siachi. Inanichosha, na bado naifanya. Nikimaliza linakuwa sanduku lile lile, lakini anayeingia hakuti harufu ya aliyemtangulia.

Vile vinguo nilivyokukatia kwenye kanga ya bluu umeviacha juu ya kitanda. Nimeviona. Nilifikiri umesahau, nikavifunga nikaviweka juu ya begi lako. Nikaenda kukamua, niliporudi viko kitandani tena. Nimeelewa. Mimba ile ya kwanza nilikata vinguo mapema hivi hivi, tukavikunja, ukavinusa. Sawa. Ukitaka kujiandaa utajiandaa mwenyewe kwa vya kwako, ukitaka kwenda mikono mitupu nenda. Ila Nainokanoka kuna baridi, na mtoto hajui kwamba mama yake anaogopa kumtengenezea. Nilisema sitatoa maagizo. Hilo limeponyoka.

Na kuna jambo Mama Rehema ananikazia macho. Anasema, "Mwambie na la dereva, au nitaandika mwenyewe."

Haya. Emi, nilikuwa nimeshaongea na dereva wa ile landkruza inayopanda huko. Nilimwambia aniwekee nafasi ya mbele, kwa sababu ya miguu, mwezi wako ukiingia. Nilitaka nikutokee tu. Nifike na mzigo wangu, ukishaniona mlangoni ungefanya nini, ungenirudisha? Hata unga nilikuwa nimeshausaga. Nilimwambia Mama Rehema asikwambie. Yeye akasema, "Unaenda kumfunika tena." Tukanuniana mimi na yeye tangu juzi, ndiyo maana hukumwona hapa mpaka leo.

Leo mchana nimesugua sanduku nikiwa na hasira. Nikajiambia huyu Bi Kijivu akizaa nitafanya nini? Nitaangalia mara moja kwa siku. Nitasugua mikono kwa nyasi za sandukuni nisiwaletee harufu ya vitunguu. Nitaweka mgongo wa mkono juu ya manyoya, nikisikia yanapanda na kushuka basi, kama kuna aliyekufa nitamtoa, nitafunika, nitaondoka. Mkono utaniwasha kurudi kuchungulia na sitarudi. Kwa sungura naweza. Nikajiuliza kwa nini naweza kwa sungura.

Kwa hiyo nimekwenda kwa dereva, kwa miguu yangu hii, huko ndiko nilikokuwa uliporudi saa tisa usinikute. Nimemwambia ile nafasi ampe mtu mwingine. Akaniuliza, "Mama, umeghairi? Si ulisema lazima?" Nikamwambia nimechoka. Si uongo.

Sitakuja mpaka uniite. Ukiniita usiku, nitakuja asubuhi. Ukiniita baada ya mwaka, nitakuja baada ya mwaka, nikiwa hai. Usipoita, nitakuwa hapa, na usidhani nimekususa.

Na kama hatalia. Mama Rehema amesita hapo, nimemwambia andika. Kama hatalia tena, Mungu apishe mbali, usifunge mlango kwa ajili yangu, na Amsi asikae nje. Waite wanawake wa huko, hata kama ni Wamaasai na hamwelewani maneno, wakae kitandani kwako, wale kwenye sahani yako. Na mimi ukiniita siku hiyo nitaingia mpaka ndani. Sitauliza kwanza imepita siku ngapi. Nitakaa kwenye kigoda chako, nitakunywa kwenye kikombe chako, watu waone.

Lakini akilia, nakuomba kitu kimoja. Wanasema simu huko inashika ukipanda kidogo kwenye kilima, Amsi atapanda. Usipige wewe, wewe lala. Amsi amchukue mtoto sauti yake kwenye simu akiwa pale kitandani, hiyo ya kurekodi mnayoijua, halafu apande nayo kilimani anipigie. Asinisalimie. Asiniambie ni wa kike au wa kiume, ana uzito gani, anafanana na nani. Aniwekee kile kilio tu, nikisikilize. Najua nikisikia sauti yako au yake nitaanza kuuliza amenyonya, amefunikwa, dirisha limefungwa, nani anakukanda, na nitapanda gari siku hiyo hiyo.

Alie tu. Nikishamsikia, simu nitakata mwenyewe, kabla sijaanza kuongea.

Mama yako.